Marahaba Ndani ya Friji

Asubuhi hiyo Bi Friji alikuwa anapima mpira wa mlango kwa kipande cha gazeti, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Unaweka karatasi kwenye ukingo, unafunga mlango, unavuta. Karatasi ikitoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inavuja. Ikikataa, mpira ni mzima, tafuta ugonjwa kwingine. Karatasi ikakataa. Akafungua mlango atafute ugonjwa kwingine, na kutoka rafu ya katikati sauti ya mwanamume asiyemfahamu ikasema, "Habari za asubuhi, wapendwa."

"Nzuri," akajibu Bi Friji, akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

Lilikuwa friji la mwalimu wa mtaa wa pili, na halikuwa hata limechomekwa kwenye umeme. Rafu ya juu ilikuwa na "mmeamkaje" kadhaa na "wazima humu?" moja, kila moja kwa sauti ya mtu wake, na kwenye droo ya mboga palikuwa na salamu ya mtu mwenye mafua. Hazikuonekana kwa macho. Uzito zilikuwa nao, maana rafu zilikuwa zimebonyea, na ukipitisha mkono juu yake unahisi kitu laini cha uvuguvugu. Bi Friji akajibu mbili tatu kwa adabu. Zilizojibiwa zikaondoka na rafu ikanyooka kidogo. Kisha akakumbuka kwamba mwalimu anakuja kuchukua friji lake mchana, akaacha salamu, akashika kazi.

Hakuwa na haja ya kuuliza zimetoka wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifukuza, wiki iliyopita, kwa kidole chake.

Maana Bi Friji alikuwa na kundi kwenye simu, Mafundi Friji Tusaidiane. Lilianza kama mchezo tu. Mafundi wachache waliojuana kwenye duka la vipuri waliungana ili waulizane: kompresa inawaka na kuzima, nifanyeje, friji linapoza juu, chini joto, kulikoni. Bi Friji akawa kiongozi kwa sababu siku hiyo ndiye aliyekuwa na bando. Wakaalikana, wakaongezeka, mpaka wakaingia mafundi ambao hakuna aliyewahi kuwaona sura, wa miji ya mbali na ng'ambo ya mipaka, wote wakiitana kwa majina ya kazi. Palikuwa na Mzee Shaba, bingwa wa kuchomea mabomba, mtani wa kila mtu, ambaye ujumbe wake wa sauti ulikuwa nusu kicheko nusu kikohozi. Bi Friji alilipenda kundi lile. Alikuwa akila huku analisoma, akicheka peke yake mpaka mumewe akauliza kuna nini, na kwa vile alilipenda, alitaka kulinyoosha.

Lilihitaji kunyooshwa kweli. Mmoja akisema habari za asubuhi, watu wote wanajibu, kila mmoja na picha yake ya ua waridi na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Saa nne wameanza habari za mchana, na mchana wenyewe haujafika. Siku moja fundi mgeni aliandika kwamba gesi inanuka ndani ya nyumba ya mteja na kuna mtoto mchanga, aanze na nini. Swali lake likafukiwa na maua. Mpaka mtu alipoliona, yule fundi alikuwa ameshamtoa mtoto, ameshafungua madirisha, na ameliburuta friji uani peke yake mpaka mgongo ukamkatika. Wote wakapona. Akawaandikia maneno ambayo Bi Friji hakuweza kumsomea mumewe.

Basi akaweka sheria. Salamu marufuku. Weka tatizo, pata jibu. Atakayesalimu, salamu yake inafutwa, atakayerudia, anatolewa.

Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu, na ilikuwa sababu nzuri. Alikuwa na nyingine.

Miezi kadhaa nyuma, aliingia kundini mtu asiye na jina, picha yake ni spana. Siku ya kwanza akaandika neno moja: Marahaba. Kesho yake, Marahaba. Watu wakacheka. Mzee, nani kakuamkia? Hakujibu. Kila asubuhi, kabla maua hayajachanua, Marahaba, na siku nzima haongezi neno. Wakamwita Bwana Marahaba, wakamzoea, wakawa hata wanamtania kwa upendo. Bi Friji peke yake hakuwa anacheka, kwa sababu alijua anayejibiwa ni nani. Bwana Marahaba alikuwa kaka yake, mkubwa wake, mtoto wa mama mmoja.

Baba yao aliwafundisha wote wawili kwenye karakana hii hii. Kibao cha mlangoni kiliandikwa Baba na Wanawe. Kaka mtu akapata kazi mji wa mbali, kwenye vyumba vya baridi vya kiwanda cha nyama, na kwa miaka aliyokaa huko ndiye aliyekuwa akituma vipuri, mabati ya paa, na dawa za baba. Baba akafariki. Kibao kikapauka, Bi Friji akakipaka rangi upya, na alipofika kwenye maandishi, mkono wenyewe ukaandika Bi Friji. Akapunguza na meza, zilikuwa mbili, akabakiza moja ili apate nafasi ya kugeuzia mafriji. Kisha kiwanda cha nyama kikafungwa, na kaka yake akarudi na mkoba wake wa zana mgongoni.

Siku hiyo Bi Friji alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji la baba, lile kubwa la zamani la kona, akikwangua kutu. Akasikia kikohozi mlangoni. Kikohozi cha ndugu yako hukipotezi. Akajua kaka yake amesimama pale, amesoma kibao, ameona meza ni moja, na sasa anangoja mdogo wake atoe kichwa amwamkie. Na yeye akajua kwamba akitoa shikamoo, itafuata hujambo, itafuata za siku nyingi, na baada ya salamu yatafuata mazungumzo, na mazungumzo ni meza. Akaendelea kukwangua. Akakwangua mahali pasipo na kutu. Kaka yake akasubiri kwa muda wa heshima, kisha akasema taratibu, bila ukali, "Marahaba, Kitinda." Akapandisha mkoba begani akaondoka. Siku hizi anatembeza ufundi nyumba kwa nyumba, mtaa wa mbali, hana karakana.

Ilipotoka sheria ya salamu, watu walinung'unika, wakatii. Aliyeendelea alikuwa mmoja, kila asubuhi, neno lake lile lile. Wengine wakasema sheria ni msumeno, kiongozi, mbona huyu humgusi? Bi Friji akamtoa kundini, akibonyeza huku ameangalia pembeni. Siku hiyo hiyo friji la baba, lisilo na kitu ndani wala waya ukutani, likabonyeza sakafu. Bi Friji akaweka ndoo ya misumari juu yake na hakulifungua.

Sheria ilifanya kazi vizuri mno. Kundi likawa safi. Tatizo, jibu. Tatizo, jibu. Salamu zilizofutwa, kwa kuwa zilishatoka midomoni mwa wenyewe na hazikuwa na pa kurudi, zikawa zinakuja karakanani kwa kiongozi, na karakana ya mafriji haikosi nafasi. Zilijaa mafriji ya wateja kwanza, zikafuata vyumba vya barafu vya juu, zikamalizia kwenye friza la muuza samaki. Mwalimu alirudi na malalamiko kwamba friji lake linapoza vizuri, hana ugomvi nalo, ila linawauliza watoto wameamkaje, watoto wanajibu wanachelewa shule, na nyama haina pa kukaa. Bi Friji akamwomba radhi, akamwonyesha namna ya kuzijibu haraka haraka.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kibanda chake kiliungana na karakana, ukuta wa mbao katikati, na waliongea kupitia ufa siku nzima kama wapangaji wawili. Yeye hakuona shida. Alisema wateja wake wanapenda, mtu anayenyolewa anasalimiwa kutoka upande wa pili bila kumjua anayemsalimu, anajisikia yuko nyumbani. Shida aliigundua Bi Friji mwenyewe: salamu zisizo kwenye baridi huchacha. "Habari za asubuhi" ikikaa siku mbili kwenye friji lisilo na umeme inakuwa "kwani nyie mna nini?" Ikikaa wiki inakuwa matusi. Akaanza kuchomeka mafriji yote, mazima na mabovu, hata yale ya vipuri, na mita ya umeme ikazunguka kama feni.

Kundini nako, taratibu, mambo yakapoa. Maswali yakapungua. Mtu akiuliza, anajibiwa kwa neno moja, halafu kimya. Mafundi waliokuwa wanabishana juu ya gesi mpaka jua linazama sasa walikuwa wanaweka kidole gumba wanatoka. Bi Friji akaandika tangazo la kuwahimiza washiriki. Likapata vidole gumba.

Ndipo muuza samaki akaja kuulizia friza lake. Bi Friji akalifungua akakuta limejaa hadi kifuniko, na zote zilikuwa sauti moja, nusu kicheko nusu kikohozi. Wazima humu? Jamani, wazima humu? Alikuwa Mzee Shaba, wa wiki tatu. Bi Friji akainama juu ya friza akajibu kwa furaha, "Wazima, mzee wangu, sijui wewe." Salamu zilizojibiwa huondoka. Hii haikuondoka. Ikakaa pale kwenye barafu, kisha ikasema, bila kicheko, "Mimi si mzima, mwanangu."

Akampigia simu pale pale. Akapokea mke wa mzee. Mtungi ulikuwa umemlipukia Mzee Shaba akichomea bomba, mkono wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko, yuko kitandani, na kwa mkono wa kushoto amekuwa akijaribu kuwasalimu wenzake kila siku. Hakutaka kuanza na shida yake, mama alisema. Mtu haingii tu kwa watu akaanza na shida. Alikuwa anangoja ajibiwe, ndipo aseme.

Bi Friji akakaa juu ya kopo la rangi. Alilia hasa, machozi ya mtu mzima, na mumewe kwenye ufa akazima mashine ya kunyolea na kungoja. Baadaye akaandika kundini kwamba sheria imefutwa, kwamba yeye kiongozi ndiye aliyekosea, na kwamba Mzee Shaba ameungua. Hakuweka ua hata moja. Kundi likalipuka. Walio karibu na mji wa mzee wakaenda siku hiyo hiyo, fundi mmoja akahamia kwake wiki nzima kumalizia kazi za wateja wake, na yule wa gesi na mtoto mchanga, mwenye mgongo, akajitolea kumsomea ujumbe wote kwa simu kila jioni kwa sababu, alisema, yeye pia amelala.

Halafu Bi Friji akalipanga kundi upya, na safari hii akauliza watu kabla ya kupanga. Wakakubaliana liwe na vyumba viwili. Kimoja wakakiita Sebuleni, cha salamu, maua, misiba, harusi na utani. Kingine Karakana, cha matatizo, na mwenye hatari ya gesi au umeme anapita moja kwa moja bila hodi. Anayeingia mgeni anapokelewa Sebuleni na mtu maalumu wa zamu, anaulizwa hali, anaonyeshwa njia ya Karakana. Mzee Shaba ndiye aliyepewa zamu ya kwanza, kwa kuwa kazi ya kupokea wageni haihitaji mkono wa kulia. Alipokea watu kwa vicheko hadi wengine wakawa wanatoka na kuingia tena ili wapokelewe.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumaliza salamu za kwenye mafriji. Walifanya Jumapili, mume na mke, na wateja wa kinyozi wakasaidia huku wamevaa mashuka shingoni. Walifungua friji moja moja. Nzuri. Salama. Hatujambo. Tumeamka vyema. Wazima kabisa. Zilizochacha walizibembeleza kwanza, wakaziomba radhi, ndipo wakazijibu. Mwalimu akaja na watoto wake, ambao kwa kazi hiyo walikuwa wazoefu. Mchana rafu zote zilikuwa zimenyooka na karakana imekuwa nyepesi. Mtu mwenye mafua, wa droo ya mboga, alikuwa wa mwisho. Walimjibu nzuri na kumwambia pole.

Likabaki friji la baba. Kinyozi akashusha ile ndoo ya misumari, akasogea pembeni, akaanza kukunja mashuka ya wateja polepole kuliko kawaida. Bi Friji akafungua.

"Marahaba," likasema friji.

Ilikuwa moja tu. Nyingine zote zilikuwa nyingi na nyepesi. Hii ilijaza friji zima peke yake, juu hadi chini, na haikuwa imechacha hata kidogo ingawa friji halikuwa na umeme siku zote hizo. Sauti ilikuwa ile ile ya mlangoni, ya taratibu, isiyo na ukali. Wateja wakaangalia sakafu. Marahaba haijibiwi nzuri, wala salama. Haijibiwi na chochote. Yenyewe ndiyo jibu, na ili iondoke ni lazima kwanza mtu aseme kile inachokijibu. Hata watoto wa mwalimu walilijua hilo, na mdogo wao alifungua mdomo kusaidia, mwalimu akamziba.

Bi Friji akasimama pale ameshika mlango. Alimpenda kaka yake. Lisiwepo shaka juu ya hilo. Ndiye aliyembeba mgongoni kumvusha madimbwi kwenda shule, ndiye aliyemfundisha kusikiliza kompresa kwa kuweka bisibisi sikioni. Akafunga mlango taratibu, akaburuta waya, akalichomeka friji la baba kwenye soketi nzuri, ile yenye kilinda umeme. Akasema marahaba ikae kwenye baridi, isije ikachacha ikawa neno lingine. Hakuna aliyemuuliza lingekuwa neno gani.

Wiki ile ile, kwenye simu, likaja ombi. Picha ya spana, maneno chini yake: anaomba kuingia. Kubali. Kataa. Sasa kwa kuwa salamu zimeruhusiwa, mtu wa spana hakuwa na kosa lolote la kumzuia. Mzee Shaba alimtaja Sebuleni, akauliza Bwana Marahaba yuko wapi, tumemkosa, alikuwa mtu wetu. Wengi wakaunga mkono. Bi Friji akaandika kwamba analishughulikia.

Mumewe akamuuliza kupitia ufa. Hakuwa mtu wa kumsukuma mke wake, lakini aliuliza.

"Umeshambonyezea?"

"Akiingia atanisalimu," akasema Bi Friji. "Nikimwitikia, ataniuliza aweke wapi zana zake."

"Si nafasi ipo, mke wangu. Hata kwangu huku ipo."

"Najua ipo."

Kinyozi akawasha mashine yake.

Tangu hapo mambo yakakaa hivyo, na watu wakayazoea. Kundi lilistawi. Mafundi wa miji mingine wakaja kuomba namna ya kupanga makundi yao, na Bi Friji akawaelekeza kwa moyo mmoja: anza na Sebule, usimfukuze mtu kwa salamu, mjue aliye kimya. Umeme ukikatika, analiwashia jenereta friji la baba kabla ya la mteja yeyote. Analifuta vumbi. Mpira wa mlango ameubadilisha, akaupima kwa gazeti, karatasi ikakataa. Wateja wakiuliza kama friji lile la kona linauzwa, anawaambia hapana, lina mwenyewe, na mwenyewe yupo.

Asubuhi, akishafungua karakana, anachukua simu na kuingia Sebuleni. Anaandika kama kiongozi, kwa wote: Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Anabonyeza tuma. Kabla hata Mzee Shaba hajajibu, kabla ya ua la kwanza, friji la kona linajibu, sauti ile ile, "Marahaba." Wala haiondoki, kwa kuwa shikamoo ya wote si yake. Anayejibu haoni ujumbe ule. Yuko nje ya kundi, mtaa wa mbali, mkoba mgongoni. Hata hivyo anajibu, na Bi Friji anapata nguvu ya siku nzima. Anatabasamu, anafuta macho kwa mkono wa ovaroli, anasogea karibu na meza yake moja.

Juzi mumewe alimuuliza tena kama leo atambonyezea. Bi Friji akasema leo ana mafriji mengi. Nje mlangoni mtu akakohoa. Huenda alikuwa mteja. Bi Friji akafungua friji lililokuwa karibu, akaingiza kichwa ndani, akaanza kukwangua.